Kipande cha Babu na Darasa la Sita

Jumanne iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mwenzangu aliyeko Geita. Hatujawahi kuonana. Aliandika: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Maarifa ya Jamii darasa la sita, mada ya ukoloni. Nikiuliza maana ya ukoloni wanaitika wote kwa sauti moja. Nikiuliza ukoloni unawahusu nini wao na kwao, darasa zima kimya. Nifanyeje?"

Kimya hicho nakijua. Nimekaa nacho darasani miaka sita.

Nafundisha wilaya ya Korogwe, shule ambayo ukitoka tu uwanjani unakutana na mistari ya mkonge. Nilipoanza kazi nilikuwa na mwandiko mzuri ubaoni na sauti inayofika dawati la mwisho, na nilidhani hayo yanatosha. Naandika "Ukoloni ni hali ya taifa moja kulitawala taifa jingine kisiasa, kiuchumi na kiutamaduni," watoto wananakili, napita na kalamu nyekundu naweka vema. Mtihani wa utamilifu wa wilaya ukija, darasa langu linafaulu. Nilipongezwa mbele ya walimu wenzangu, na nilifurahi sana. Leo nakiri kwamba katika miaka yote hiyo sikumfundisha mtoto hata mmoja ukoloni ni nini. Niliwafundisha kuimba sentensi.

Kilichonizindua ni tusi.

Ilikuwa saa ya mapumziko, karibu na tangi la maji. Wavulana wawili walikuwa wakigombania ndoo, mmoja akamwambia mwenzake: "Toka hapa, manamba wewe!" Wengine wakacheka. Yule aliyeambiwa aliiachia ndoo palepale, kana kwamba neno lenyewe limemnyang'anya. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Nikawapa wote wawili adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya vyoo, nikarudi ofisini kusahihisha madaftari. Ila mkono ulikuwa unatetemeka, kwa sababu mimi ni mjukuu wa manamba, kibarua wa mkonge aliyeletwa kutoka mbali na kujulikana kwa namba. Babu yangu mzaa mama alitoka Kasulu miaka ya 1950, kijana asiye na ndevu, kwa treni na kisha lori, akashushwa kwenye kambi ya mkonge na asirudi kwao tena hadi anakufa. Nilipokuwa mdogo nami niliitwa hivyo kisimani. Nilirudi nyumbani bila maji, nikamwambia mama nimeteleza.

Jioni ile nilimpigia mama nikamwuliza kama kuna chochote cha babu kilichobaki. Akaniambia kuna kopo. Jumamosi nikaenda. Ni kopo la bati la majani ya chai, limeshika kutu kwenye mfuniko, na ndani yake, chini ya vyeti vya ubatizo na picha moja iliyofifia, kulikuwa na kipande. Ni kadi yake ya kazi, ngumu, rangi ya mchanga, kingo zake zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Imepigwa mistari ya visanduku vya siku 30, na katika kila kisanduku mnyapara ametia alama kwa penseli. Visanduku vinne vya mwisho havina kitu. Mama akanitazama nikiigeuza, akasema: "Babu yako alikuwa na namba kabla hajawa na nyumba."

Jumatatu niliingia darasani bila kuandika kitu ubaoni. Nikawaambia watoto wanawe mikono, kisha kipande kikazunguka dawati hadi dawati. Walikuwa 71. Nikawaambia huu ulikuwa mshahara wa mtu. Ukifika kazini na kumaliza kazi uliyopimiwa, kisanduku kinatiwa alama. Vikijaa visanduku 30, unalipwa. Visipojaa, bado.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Akiumwa je?"

Nikasema siku hiyo haihesabiwi.

Akafikiri kidogo. "Kumbe mwezi wake ulikuwa mrefu kuliko wetu."

Miaka sita nilikuwa nimeandika ubaoni "unyonyaji wa nguvukazi," mtoto wa miaka 12 akanieleza kwa maneno saba. Neno "ukoloni" siku ile sikulitaja hadi dakika kumi za mwisho, na nilipolitaja lilikuta pa kukaa.

Kuanzia hapo mada ilijifungua yenyewe. Niliwauliza babu alitoka Kasulu kuja kutafuta nini huku. Wakasema fedha. Fedha za nini, wakati kwao walikuwa na mahindi, maharage na ng'ombe? Hapo ndipo nikawaletea kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3, na Waingereza walipochukua nchi nao wakaendelea kudai kodi. Kodi hulipi kwa maharage. Kama kwenu hakuna zao la kuuza kwa fedha, unakwenda penye fedha, na penye fedha ni kwenye mkonge. Mtu hakufungwa kamba shingoni kama enzi za misafara ya watumwa, lakini alifika, na wengi walifika. Niliwatuma wakaulize nyumbani wazee wao walitoka wapi. Kesho yake tukachora ramani ya Tanganyika sakafuni kwa chaki, na kila mtoto akaenda kusimama pale babu au bibi yake alipotoka. Kuna waliosimama Kigoma, Songea, Njombe, Mtwara, na wawili nje kabisa ya mstari, Burundi. Wasambaa, Wazigua na Wabondei wakabaki Tanga, wakiwatazama wenzao waliotapakaa nchi nzima. Yule mvulana aliyetukana pale kwenye tangi alikuwa amesimama Songea. Hakuwa akijua. Bibi yake ndiye aliyemwambia usiku ule.

Sikusema neno. Darasa zima liliona.

Siku nyingine niliwaeleza habari za mwaka 1893. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Namba hiyo ipo vitabuni na nilikuwa nimeisoma mara kadhaa bila kuiona. Safari hii niliwaambia watoto 62 wasimame, tisa wakae. Nikawaambia: ninyi mliosimama ndio mkonge wote wa nchi hii. Tazameni nje ya dirisha. Wakatazama mistari inayokwenda mpaka milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotuzidi duniani.

Kisha nikawauliza swali ambalo mpaka leo ndilo ninaloliona bora kuliko yote niliyowahi kuuliza darasani: kwa nini mbuzi wa kwenu wamefungwa kwa kamba ya plastiki, na mnaishi katikati ya mkonge?

Walibishana kipindi kizima. Mmoja akasema ya plastiki haiozi. Mwingine akasema ni rahisi dukani. Mwingine, ambaye baba yake anafanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, akasema singa zote, yaani nyuzi za mkonge, hupakiwa kwenye lori zikaondoka, hazibaki kijijini. Nikawaletea vipande viwili vya kamba, cha katani na cha buluu cha dukani, wakavivuta, wakavinusa. Hapo ndipo nikawaambia habari za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, jinsi bei ya mkonge ilivyoporomoka duniani, jinsi mashamba mengi yalivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kambi zilivyobaki na watu bila kazi. Soko la dunia, ambalo kitabuni ni aya moja kavu, lilikuwa limefungwa kwenye shingo ya mbuzi.

Mwalimu mwenzangu, ukichukua jambo moja tu hapa chukua hili: anza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika. Neno kubwa lije mwisho.

Kwenye kodi ya leo niliwaomba walete risiti za mashine wanazozikuta nyumbani. Mtoto mmoja akaleta ya misumari na rangi, jumla shilingi 11,800, tukautafuta mstari wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tukakuta 1,800. Asilimia 18. "Kwa hiyo baba analipa serikali?" Ndiyo, hata siku ambayo hajamwona mtu wa serikali. Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tulianza na machungwa ya Muheza yanayopakiwa kwenye fuso, yanavuka Horohoro na kwenda kuliwa Mombasa. Mmoja wao alikuwa amewahi kulala juu ya machungwa hayo hadi mpakani akiwa na mjomba wake. Alifundisha yeye. Jumuiya ya kwanza ya mwaka 1967, kuvunjika kwake 1977 na mkataba mpya wa 1999 vilikuja baadaye, na vilikaa.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Kwenye demokrasia nilianguka. Nilifikiri nimepata zana bora kabisa: uchaguzi wa kiranja wa darasa. Tulitengeneza karatasi za kura na sanduku la maboksi, wagombea wakajinadi, kura zikahesabiwa hadharani. Akashinda msichana mpole, mtoto wa mkata mkonge. Siku mbili baadaye akaondolewa kwa amri ya ofisi, akawekwa mvulana "mwenye sauti." Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa nisifanye siasa shuleni. Nilirudi darasani sina la kuwaambia. Watoto walijifunza siku ile, lakini si nilichokusudia, na yule msichana hakunyoosha mkono tena hadi muhula ulipokwisha. Bado naumia nikikumbuka. Kwa hiyo nawe, kabla hujawapa watoto jambo la kweli waamue, nenda kwanza ofisini uhakikishe uamuzi wao utaheshimiwa. Kama hautaheshimiwa, usilianzishe.

Na utapingwa, nikwambie mapema. Alikuja mkaguzi, akafungua andalio langu la somo, akakuta kwenye zana nimeandika "kamba mbili, kipande cha babu." Akauliza kitabu kiko wapi. Nikamwonyesha. Akasema mbele ya watoto kwamba wazazi hawakuleta watoto shule wasikie hadithi za vijiweni. Neno lile lilinichoma, maana hadithi yenyewe ilikuwa ya babu yangu. Nilinyamaza kwa heshima, akaandika alichoandika, akaondoka. Matokeo ya mwaka ule darasa langu halikushuka hata nafasi moja. Sikumpelekea mtu yeyote karatasi ya matokeo, ingawa nilitamani.

Sisi walimu wa somo hili tuna deni. Tumezoea kusema watoto wa siku hizi hawapendi historia, wanapenda simu. Si kweli. Mtoto hawezi kukipenda kitu ambacho amehakikishiwa kila siku kwamba ni cha watu wengine, wa mbali, waliokufa. Tunamfundisha Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 kana kwamba ulifanyika mwezini, na nyumbani kwao shangazi hawezi kwenda msibani upande wa pili wa mpaka bila kibali. Anza na shangazi. Anza na kitu cha mkononi. Nalirudia kwa sababu mimi mwenyewe nilihitaji miaka sita na tusi moja ili nilisikie.

Mwalimu wa Geita, nilikujibu kwa kifupi na sasa najibu kwa kirefu. Wewe uko mahali ambapo ningetamani kufundisha hata muhula mmoja. Kwenu kuna dhahabu na kuna pamba. Pamba ile ile ambayo mwaka 1905 watu wa Umatumbi, kusini mwa nchi, waling'oa mashina yake kwa sababu walilimishwa kwa nguvu, na vita vya Majimaji vikaanza hapo. Na pamba ile ile ambayo miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliiundia vyama vya ushirika wakaipima na kuiuza wenyewe. Zao moja, habari mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna mtoto darasani kwako ambaye babu yake alikuwa mwanachama na bado anayo stakabadhi. Mtafute. Na kama pamba iko mbali nao siku hizi, anza na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, maana kelele zake najua zinafika hadi dirishani kwako.

Lile jibu langu fupi mwalimu huyo alilijibu juzi Ijumaa. Alianza na karasha. Waliorodhesha kila mtu anayehusika na jiwe moja tangu linatoka shimoni: mchimbaji, mwenye shimo, wenye mwalo wa kuoshea dhahabu, mnunuzi. Halafu mvulana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye huwa hasemi, akauliza kwa nini baba yake analipwa kwa mifuko ya mawe na si kwa fedha, na mawe yakikosa dhahabu mwezi huo nyumbani wanakula nini.

"Mwalimu," akaniandikia, "nilikosa jibu. Nimjibu nini?"

Nikamwambia asimjibu bado. Jumatatu amwombe alete mfuko mmoja mtupu darasani.