Re: Dogo ana kisukari, kaacha mpira, nimsaidieje?

Pole sana mkuu, umesema kijana wako wa miaka 15 kaambiwa ana kisukari aina ya kwanza na tangu hapo viatu vya mpira kavisukumia uvunguni hataki hata kuviona. Wangu anayo pia kwa hiyo nakuelewa. Kwanza usimwambie "jikaze uwe mwanaume", hapo ndo unamfunga mdomo kabisa, sukari ikishuka akaanza kutetemeka uwanjani atanyamaza ili asionekane legelege na hiyo ndo hatari yenyewe. Mwambie habari za Nacho Fernández, yule aliyekuwa beki wa Real Madrid, aligundulika akiwa na miaka 12, daktari wa kwanza akamwambia mpira basi, jamaa kaja kubeba Ligi ya Mabingwa mara 6. Ila stori peke yake haitoshi, kaeni na daktari wake awapangie utaratibu wa siku za mazoezi. Sisi tunapima sukari kabla, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) anakula kitu kwanza, na kocha anajua juisi ya kupandisha sukari ikishuka iko mfuko gani wa begi. Halafu usiku baada ya mechi pimeni tena maana mazoezi yanaweza kushusha sukari masaa mengi baadaye, hili wengi hawaambiwi. Kupima mwachie mwenyewe, we kaa pembeni, hawa madogo hawapendi baba awakimbilie na kipimo mbele ya wenzao (wangu alininunia balaa). Akitaka kuanza na danadana tu mwache, namba kwenye timu ataipigania baadaye.