Donkey au ass? Kwa vijana wanaotembeza wageni Lamu

Huku kwetu mgeni hukutana na punda kabla hajaiona Ngome. Uko naye Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mchukuzi anakuja nyuma na punda mwenye shogi, mifuko ya mizigo ya ubavuni, limejaa mchanga, "simila, simila!", mgeni anabanwa ukutani, na akishavuta pumzi anaanza maswali. Hapo sema donkey. Ass liache.

Kamusi ikikupa ass haikudanganyi. Ndilo jina kongwe. Biblia ya Kiingereza ya 1611 hulitumia hilohilo kwa punda wa Balaamu. Donkey ni neno la juzi tu, lilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18. Lakini kwa Mmarekani wa leo ass ni makalio. Mwingereza makalio huyaita arse, na ass kwake huwa ni mtu mpumbavu. Sasa wewe mwambie mama wa watu kutoka Chicago akae vizuri juu ya ass wako, halafu ungojee bakshishi.

Jackass nalo ni punda dume kwa asili, ila siku hizi ni tusi. Ukiulizwa dume au jike, jibu male au female, yatosha. Na mule si punda kamili: huyo ni baghala, baba yake punda, mama yake farasi.

Utayasikia mengine. Donkey work ni kazi ya sulubu. Akikuambia hajaja Lamu for donkey's years, ana maana ni miaka na mikaka. Usimtafute punda hapo. Beki mzito naye huitwa donkey, na hilo mashabiki wetu wangelielewa bila mkalimani. Mmarekani akimwona punda akaanza habari za uchaguzi, ni kwa sababu punda ni nembo ya chama cha Democratic. Wewe cheka naye, usimuulize kura yake.

Swali gumu ni lile la mateso ya punda. Mpeleke kwenye kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo mjini tangu 1987. Usibishane naye. Mwonyeshe punda mwenye tandiko nene chini ya shogi na yule asiye nalo, aone mwenyewe mgongo uliochubuka. Shogi lenyewe usihangaike kulitafutia Kiingereza. Sema shogi, uliguse kwa mkono, na wengi huondoka wakilitamka vizuri kabisa.