Diski kwanza, gia za umeme zisubiri

Dogo mmoja wa Mwanga (Mwanga ya hapa Kigoma, sio ya Kilimanjaro) kanifata juzi, bro nina hela ya kitu kimoja tu, nichukue baiskeli ya resi yenye breki za diski (zinabana sahani ya chuma katikati ya gurudumu) au ya breki za ringi (raba zinabana ringi yenyewe) ila gia zake za umeme, zile za kitufe na chaji? Nikamwambia diski, hata usiumize kichwa.

Mimi nilianza na za ringi na kwenye jua hazina neno. Sasa siku hiyo natoka Manyovu mvua ikanikuta mteremkoni, nabana breki kama nimebana hewa, raba zinafuta maji na tope kwanza ndo zianze kushika, mbele mbuzi wanavuka taratibu kama barabara wamejenga wao, nikaishia mtaroni goti limechunika. Na lile tope linasugua ringi kama msasa. Diski ikilika unabadilisha diski, ringi ikilika unasuka gurudumu upya.

Halafu wengi hawajui hili: fremu ya breki za ringi huigeuzi kuwa ya diski, haina pa kufungia kalipa (kile kinachobana diski), uma wa mbele na habu za katikati ya gurudumu nazo ndo hivyohivyo. Gia za umeme utakuja kufunga hata mwakani, japo jiandae kubadilisha na mikono ya breki maana vitufe vya gia vinakaa humohumo.

Sio kwamba gia za umeme mbaya. Shimano, wale watengeneza vipuri vya baiskeli, walitoa gia zao za umeme, Di2, 2009, sio majaribio tena, unagusa kitufe cheni imeshahama. Chaji inakaa muda mrefu mpaka unasahau kwamba inachajiwa, na hapo ndo jamaa yangu alipoumbuka njia ya Kasulu, zikagoma za mbele kwanza, baadae na za nyuma, akabaki na gia moja nzito vilima vyote anasukuma. Mimi waya wa gia ukikatika fundi ananiwekea mwingine soda haijaisha.

Ila kwa huku chukua breki za diski zinazovutwa na waya. Za mafuta zinabana vizuri zaidi, sikatai, lakini Shimano wanataka minero oili (mafuta ya madini), za resi za SRAM, kampuni nyingine, zinataka DOT (mafuta ya breki kama ya gari), ukichanganya raba za ndani ya breki zimekwisha, na hiyo minero oili mimi naagiza Dar. Na fundi umsimamie! Breki yangu ilikuwa inalia, nikamwachia nikaenda kula migebuka, narudi ananiambia kwa furaha nimeshaitia oili kaka, hailii tena. Kweli haikulia. Na haikushika. Pedi zote mbili, zile zinazobana diski, zilishanywa oili, nikatupa.