Sapachaja ya Mini kwenye MX-5: tafuta petroli kwanza, puli baadaye

Kila anayeona sapachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, niliyoifunga kwenye Mazda MX-5 yangu huuliza imeongeza nguvu kiasi gani. Mimi humuuliza kama amekwisha panga petroli itatoka wapi. Kutengeneza braketi na mabomba ni kazi ya jasho, lakini kinachoua injini hizi ni petroli kuwa kidogo wakati hewa imeongezeka, na cheche kuwahi mno.

Gari langu ni la toleo la kwanza, lililoanza kutoka mwaka 1989, injini ya lita 1.6. Sapachaja ni Eaton M45, ileile ya Mini Cooper S za mwanzo za BMW. Hapa Uingereza Mini hizo zimejaa kwenye yadi za magari chakavu, kwa hiyo wengi hupita njia hii.

Ukifika yadi, usinunue kwa macho ya juu juu. Chungulia ndani uone rota, zile mbili zinazozunguka na kusukuma hewa: zimepakwa rangi maalumu, na ikiwa imechubuka mpaka alumini inang'aa, achana nayo. Zungusha shafti kwa mkono usikilize beringi. Kisha fungua mafuta ya ncha zote mbili. Kwenye Mini, ncha ya nyuma ndiyo inayoendesha pampu ya maji, na mara nyingi mafuta ya huko huwa yamekauka. Yakitoka matone machache yenye unga wa chuma, gia zimeshakula hasara.

Sasa hesabu. M45 husukuma kama lita 0.74 kwa kila mzunguko wake. Injini ya lita 1.6 huvuta lita 0.8 kwa kila mzunguko wake. Zikizunguka kwa kasi moja, hupati shinikizo lolote. Chagua puli (magurudumu ya mkanda) zitakazoizungusha mara 1.7 ya injini, na itasukuma karibu lita 1.26 kwa kila mzunguko wa injini. Hewa nyingine huvuja kati ya rota, kwa hiyo tegemea bar 0.4 hivi kwenye geji. Kwa pistoni za kiwandani, ningeishia hapo.

Muundo huu wa rota mbili ni wa ndugu wawili walioitwa Roots, wa Connersville, Indiana, Marekani, mwaka 1860, na wao walikuwa hawana habari na magari. Kasoro yake ni joto. Kwa bar 0.4, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 20 inaweza kutoka na zaidi ya 70. Hewa ya moto huleta kugonga ndani ya silinda, yaani petroli kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu, na injini hii ya 1.6 haina sensa ya kugonga: haitajitetea yenyewe. Weka kipoza hewa mbele ya rejeta hata kama mabomba yatakuwa marefu.

Fedha nyingi zipeleke kwenye petroli na cheche. Kipimo cha hewa cha kiwandani ni kile cha kibao kinachosukumwa na upepo, na kikishafunguka chote hakina la kusema tena. Mimi niliweka kompyuta ya Megasquirt ya kuongoza petroli na cheche, injekta (vinyunyizio vya petroli) kubwa zaidi, na sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye ekzosi. Shinikizo likipanda, nataka uwiano wa hewa kwa petroli uwe kati ya 11.5 na 12, na cheche irudishwe nyuma kadiri geji inavyopanda. Ukiona namba inakimbilia 13 huku umekanyaga, petroli inapungua: ondoa mguu papo hapo.

Braketi nilikata kwenye bamba nene la alumini, na kuifunga sehemu tatu ili isipinde mkanda ukivuta. Pitisha rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli zote. Pasiwe na mwanga unaopita. Ukisharudi kutoka safari ya kwanza, funua boneti utazame kando ya puli. Vumbi jeusi maana yake mkanda unateleza au umekaa upande.

Bomba la kupumulia la injini nalo linahitaji vali ya njia moja, la sivyo shinikizo litaingia kwenye karta (sehemu ya chini ya injini yenye mafuta) na kusukuma mafuta kwenye sili. Na kabla ya kuingia barabarani, iandikie kampuni ya bima ueleze kila ulichobadilisha. Wasipojua, ikitokea ajali wanaweza kukataa kulipa.