Kupanda mlima Masasi kwa siku moja: anzia kuhesabu saa ya kushuka

Mkuu, umesema mko watano, mnatoka Mtwara mjini, hakuna aliyewahi kupanda mlima, na mnataka kwenda Masasi, kupanda na kurudi siku hiyohiyo. Hapo kwenye "siku hiyohiyo" ndipo mpango unapoharibika. Mtwara mpaka Masasi ni kama km 200. Hata mkitoka alfajiri, mkija kukanyaga mwamba jua limeshapanda. Laleni Masasi usiku wa kuamkia siku ya kupanda.

Milima ya pale, Mtandi wenye kanisa kuu la Anglikana chini yake pamoja na wenzake, ni majabali yaliyochomoza kwenye tambarare. Si mirefu kihivyo. Kinachoumiza wageni ni jiwe kupata moto: likishapigwa jua saa kadhaa, joto linakupata juu na chini, na sehemu kubwa haina hata kivuli cha kichaka.

Hesabu ya muda iko hivi: saa 1 kwa kila km 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya km 3 yenye mpando wa mita 400 inatoka saa 1 na robo. Hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi kwenye njia inayoeleweka. Nyie zidisheni mara mbili. Na msidhani kushuka ni nusu ya kupanda. Kwenye mwamba mtupu muda ni uleule, maana magoti yameshachoka na macho yanaona shimo. Kwa hiyo: kuondoka saa 12 na nusu asubuhi, kileleni saa 3, chini saa 6. Saa ya kugeuka iwe saa 3 na nusu, hata kama kilele mnakiona. Mteueni mmoja wa kushika saa, na asibishiwe.

Maji lita 3 kwa kila mtu, nusu lita kila saa, mengine ni akiba. Vidimbwi vya juu ya mwamba msivitegemee. Lita moja kati ya hizo itieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Chakula ni karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi na machungwa. Korosho mnazo, sina haja ya kusema.

Viatu ni raba zenye soli ya mpira unaobonyea, ambayo haijalika. Yeboyebo hapana. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla, na mkianza kushuka kazeni kamba kwenye kifundo, la sivyo vidole vinagonga mbele mpaka kucha inakufa. Kwenye jabali kanyaga kwa soli nzima, mwili wima juu ya miguu. Anayeogopa huinama akakumbatia mwamba, na hapo ndipo miguu inapoteleza. Ile michirizi myeusi ni njia za maji. Ikiwa na umande inateleza kama sabuni, ipitieni pembeni. Nyasi zilizoota juu ya jiwe msizishike: udongo wake ni wa vidole viwili tu, unabanduka wote kama mkeka. Na mahali ambapo huoni utashukaje, usipande.

Msimu: Juni hadi Agosti. Desemba mpaka Aprili mvua inalowesha mwamba, Oktoba na Novemba ni joto na moshi wa kuchoma mashamba. Ila kiangazi nacho kina yake. Mkipita kwenye mikorosho alfajiri mnaweza kukuta watu wanapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Zungukeni upande upepo unakotoka, inawasha macho vibaya. Halafu upupu. Maganda yakikauka upepo unatosha kuwamwagia vinyweleo, kwa hiyo mikono mirefu na suruali ndefu. Ukikupata usijikune wala kujifuta kwa kiganja, unausambaza. Bandika plasta ya kunata uvute, vua nguo hiyo, kisha osha.

Nyuki hukaa kwenye nyufa. Msijipulize manukato, msipige kelele wala kurusha mawe. Wakitoka, funika uso ukimbie bila kusimama kuwapunga. Mwiba uondoe upesi, hata kwa kucha.

Kabla ya kupanda onaneni na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mlima mwingine una sehemu za matambiko. Atawatafutia kijana anayejua njia. Patananeni malipo kabla ya kuondoka. Nyumba ya wageni mwachieni mhudumu karatasi: mko wangapi, mlima gani, mmepandia upande gani, na saa 9 mchana kama hamjatokea aanze kupiga simu. Dharura ni 112, na Hospitali ya Mkomaindo iko palepale mjini.

Uliuliza pia kama tochi inahitajika: ndiyo, chukueni mbili, hata kama mpango unasema chini saa 6.