Kabla Hujafunga Kamba kwenye Pikapu ya Otomatiki

Pikapu ya otomatiki ikizima barabarani, ushauri wa kwanza utakaousikia kwa waliosimama kando ni huu: "Weka nyutro, funga kamba, twende." Kwa gari la gia za mkono ushauri huo mara nyingi hauleti shida. Kwa otomatiki, huo ndio unaoharibu giaboksi ambayo asubuhi yake ilikuwa nzima kabisa. Nimevuta magari, nimevutwa, na nimekaa gereji nikitazama giaboksi za namna hiyo zikifunguliwa. Ndiyo maana mimi, kabla ya kuuliza kamba iko wapi, huuliza tairi zipi zitakuwa chini zinazunguka, na zikizunguka zitazungusha nini.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu ya mafuta. Pampu hiyo haizungushwi na tairi. Inazungushwa na injini, kupitia lile dude la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, ambalo mafundi huliita konveta. Injini ikizima, pampu nayo imesimama, na mafuta yanashuka yanatulia kwenye sampo, yaani bakuli la chini ya giaboksi. Wakati huohuo tairi za nyuma bado zimeshikana na difu (boksi la gia lililo katikati ya tairi hizo), difu imeshikana na propela shafti (bomba refu linalozunguka chini ya gari), na propela shafti imeingia kwenye mkia wa giaboksi. Ukivuta gari, mzunguko unaanzia kwenye tairi na kurudi mpaka ndani. Gia zinazunguka, bushi zinasuguana, sahani za klachi zinapishana, na hakuna tone jipya la mafuta linalofika huko juu kulainisha wala kupooza.

Nyutro haizuii hilo. Inachofanya ni kuziachia klachi ili nguvu ya injini isifike kwenye tairi. Haikati muungano wa tairi na giaboksi. Hapa ndipo watu wengi hubishana nami, kwa sababu gari likiwa nyutro linasukumika kwa urahisi, na mtu anaona kama limeachana na kila kitu. Kusukuma gari kutoka katikati ya barabara mpaka pembeni ni sawa, hakuna giaboksi inayokufa kwa hatua chache. Tatizo ni mwendo wa barabarani na umbali, maana joto hujijenga kidogo kidogo na huoni dalili yoyote mpaka siku utakapowasha gari.

Wazee wengine watakwambia otomatiki za zamani zilikuwa zinavutwa tu, na hawasemi uongo. Baadhi yake zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, iliyozungushwa na mwendo wa gari lenyewe. Ndiyo maana ziliweza kuvutwa, na hata kuwashwa kwa kusukumwa. Pampu hiyo iliachwa na watengenezaji wengi kuanzia miaka ya 1960, hivyo uzoefu huo usiutumie kwa pikapu ya leo. Na ukisukuma otomatiki ya leo kwa matumaini iwake, unajichosha bure: bila pampu hakuna presha, na bila presha tairi haziwezi kuizungusha injini.

Shemeji yangu alipoteza giaboksi kwa njia hii. Pikapu yake ilizima kwa sababu ya pampu ya petroli, kitu cha kubadilisha na kuendelea na safari. Waliokuja kumsaidia waliifunga kamba, wakaweka nyutro, wakaivuta kwa kasi ya barabara kuu mpaka mjini. Pampu ilibadilishwa, injini ikawaka vizuri. Alipoweka D (ya kwenda mbele), gari likakaa kimya, likaguna, kisha likasogea kwa shida. Mafuta ya giaboksi yalitoka meusi yakinuka kuungua. Kilichoniuma ni kwamba kila aliyekuwepo pale alikuwa na nia njema.

Sasa, ufanye nini? Chaguo ninalolipendekeza bila kusita ni gari la kubeba, lile lenye kitanda, ambalo pikapu inapandishwa nzima na tairi zote nne zinakuwa juu. Kwa gari linaloendesha tairi zote nne muda wote, hilo si chaguo tena bali ni lazima. Gari la aina hiyo ukinyanyua upande mmoja na kuacha mwingine ukizunguka, unaharibu difu ya kati au kiungo kinachogawa nguvu mbele na nyuma.

Kama pikapu ni ya kuendesha tairi za nyuma tu, inaweza kunyanyuliwa nyuma, tairi za mbele zikabaki barabarani. Angalia sana hapa, kwa sababu watu wengi hunyanyua mbele kwa mazoea. Vile vitela vya magurudumu mawili vinavyobeba tairi za mbele vinafaa kwa gari linalovutwa na tairi za mbele. Ukiipandisha pikapu hivyohivyo, umeacha tairi za nyuma chini, yaani umeacha zilezile zinazozungusha giaboksi. Na ukiinyanyua nyuma, usukani ufungwe imara tairi za mbele zikiwa zimenyooka. Usitegemee loki ya funguo, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Pikapu ya fowili ya kuchagua, yaani inayoendesha tairi zote nne pale tu dereva anapotaka, ikinyanyuliwa nyuma ihakikishwe iko kwenye mbili, si kwenye nne, la sivyo tairi za mbele nazo zitarudisha mzunguko kwenye giaboksi.

Ikiwa hakuna gari la kubeba na safari ni ndefu, njia ninayoiamini ni kufungua propela shafti. Ni kazi ya spana, mikono michafu na muda kidogo, lakini shafti ikitoka tairi za nyuma zinazungusha difu peke yake, na difu ina mafuta yake inayojilainisha nayo. Hata hivyo kuna jambo linalotangulia bolti yoyote: P (ya kuegesha) ya otomatiki inalizuia gari kupitia hiyohiyo propela shafti. Dakika unayoiachanisha na difu, P haishiki kitu tena. Kama uko chini ya gari kwenye mteremko na handibreki ni dhaifu, gari linaondoka na wewe ukiwa chini. Kwa hiyo vuta handibreki, weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya tairi, hakikisha gari limetulia, ndipo ulale chini.

Kabla ya kufungua, weka alama ya rangi au mkwaruzo kwenye flanji (uso bapa unaopitishwa bolti) ya shafti na ile ya difu, ili wakati wa kurudisha zikutane palepale zilipokuwa. Ukiigeuza shafti unaweza kupata mtetemo ambao hukuwa nao. Bolti nne za upande wa difu hufunguka kwanza. Kama shafti yako ni ya vipande viwili, kuna beringi ya katikati iliyofungwa kwenye chesisi, nayo ifunguliwe. Shafti nyingine upande wa mbele zimechomekwa tu kwenye mkia wa giaboksi, na ukizichomoa mafuta yanamwagika, hivyo ziba tundu kwa mfuko mgumu wa plastiki na uukaze vizuri kwa kamba ya mpira. Ukiona vikombe vya krosi joiti (kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya shafti) viko wazi, vizungushie tepu visianguke kwenye vumbi. Wapo wanaofungua upande wa difu tu na kuining'iniza shafti kwa waya chini ya gari. Mimi sipendi njia hiyo. Waya ukikatika kwenye mwendo, shafti inachoma lami, na ajali yake ni mbaya. Itoe yote, iweke kwenye bodi, bolti zake zitie kwenye kikopo.

Pikapu za fowili zenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya mkono zina bahati moja: nyingi zina nyutro ya transfa yenyewe, na hiyo ni tofauti kabisa na nyutro ya giaboksi. Transfa ikiwa nyutro, tairi zinakatwa na giaboksi kwelikweli. Kitabu cha gari ndicho kitakachokwambia lever ya giaboksi ikae P au kwingine, na kama transfa hiyo inajilainisha yenyewe wakati wa kuvutwa. Zile zinazobadilishwa kwa swichi mara nyingine hazina nyutro hiyo kabisa. Kama injini inawaka, unaweza kuhakikisha kabla ya kuondoka: weka transfa nyutro, kanyaga breki, weka D, kisha achia breki taratibu. Gari lisisogee. Na kumbuka, transfa ikiwa nyutro gari linabingirika hata ukiweka P, kwa hiyo vigingi vya tairi tena.

Je, umbali mfupi unaruhusiwa? Kwa magari mengine, ndiyo. Vipo vitabu vinavyotaja kasi isiyozidi kilomita 50 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 50. Vingine vinaruhusu chini sana ya hapo, na vingine vinakataza kabisa. Fuata cha gari lako, si cha jirani. Mimi, hata penye ruhusa, naenda pole kuliko kilichoandikwa.

Likifika suala la kamba lenyewe, funga kwenye ndoano za kuvutia zilizoshikana na chesisi. Usifunge kwenye bampa, kwenye mikono ya saspensheni, wala kwenye vitanzi vyembamba vilivyowekwa kwa ajili ya kulifunga gari juu ya meli. Ile boli ya chuma, yaani kichwa cha mviringo cha kuunganishia tela, nayo usiitumie kuvutia gari lililonasa kwenye tope. Ikikatika inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Chuma kigumu cha kuvutia ni bora kuliko kamba, kwa sababu gari la nyuma haliwezi kulifuata la mbele mpaka kuligonga. Gari linalovuta nalo liwe na uzito wa kutosha: pikapu ya kebini mbili inakaribia tani mbili ikiwa tupu, na gari dogo likiivuta litasukumwa nayo mteremkoni.

Anayekaa kwenye gari linalovutwa ana kazi nzito kuliko anayevuta. Funguo iachwe mahali ambapo usukani haujifungi. Injini ikiwa imezima, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na lazima uikanyage kwa nguvu zako zote. Mwambie kabla hamjaondoka, kisha mjaribu kusimama mara moja kwenye tambarare mkiwa polepole. Kamba aiweke imenyooka kwa kugusa breki kidogo, na mteremkoni yeye ndiye ashike breki. Muelewane pia ishara ya "simama" isiyohitaji simu.

Betri ikiwa imekufa, huenda lever ikagoma kutoka P. Magari mengi yana kitundu kidogo pembeni ya lever chenye kifuniko. Toa kifuniko, bonyeza ndani kwa bisibisi huku umekanyaga breki, na lever itatoka. Kuivuta gari ikiwa bado P kwa tairi zake ni kutafuta kuvunja kidole cha chuma kinachoifunga giaboksi.

Na kama pikapu yako imeshavutwa vibaya kabla hujafika, usiikanyage mafuta kuijaribu. Kagua mafuta ya giaboksi kwanza. Giaboksi yenye stiki (kijiti cha kupimia mafuta), chomoa, futa kwenye kitambaa cheupe, nusa. Wekundu ni dalili nzuri kwa mafuta mengi ya otomatiki. Weusi wenye harufu ya kuungua, au chembe zinazometa, ni kazi ya fundi wa giaboksi. Isiyo na stiki ipandishwe juu afungue yeye. Yakiwa safi, washa, iache injini inguruma kidogo ili pampu ipandishe mafuta, kisha pitisha lever taratibu R na D breki ikiwa imekanyagwa. Ikishika bila kuchelewa, endesha pole karibu na gereji, na usipakie mzigo mpaka fundi aitazame.