Mkwangue Kwanza, Dawa Baadaye

Juzi nimeletewa ujumbe na kijana anayepandisha watalii farasi ufukweni Diani. Picha tatu za mguu wa nyuma, manyoya yamenyonyoka, ngozi ina magamba, na chini yake mstari mmoja: "Mama, nitumie jina la dawa." Siku ile sikumjibu. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, na aliyenijibu alinijibu upesi mno.

Sisi wenye wanyama wa kazi tunataka kitu kimoja: apone leo, kesho arudi kazini. Hapa kwetu Lamu mzigo ni wa punda. Mchanga, mawe, saruji, boriti za mikoko, vyote hupanda mgongoni mwake. Marehemu baba aliniachia punda wawili, nami nikafikisha sita bila kukopa shilingi ya mtu. Nalisema hilo kwa fahari. Aliyenifikisha hapo ni Subira, jike wa kijivu aliyejua njia ya kila nyumba inayojengwa.

Subira akaanza kujisugua mkia. Ukutani, kwenye nguzo ya banda, hata kwenye mashua iliyopandishwa pwani. Shina la mkia likawa kipara. Nikasema ni upele, jirani naye akasema ni upele. Kliniki ya The Donkey Sanctuary iko hapa hapa Lamu tangu miaka ya 1980 na hutibu bure, lakini mimi niliona mwenye punda sita hapangi foleni ya bure. Nikaenda kununua. Muuzaji akanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hakuuliza kitu, nami sikuuliza. Jioni ile nikamwogesha Subira mwili mzima, nikalala nimeridhika.

Asubuhi nilimkuta kichwa chini, mdomo umelegea, majani hajayagusa. Nikadhani amechoka. Siku ya pili banda lilikuwa safi, hakuna hata bonge moja la mavi, na mimi nikafurahia usafi. Siku ya tatu akawa analala, anainuka, anageuka kutazama ubavu wake. Daktari alipofika aliomba chupa kwanza. Akasoma: amitrazi. Dawa hiyo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe, na ng'ombe huendelea kula. Kwa farasi na punda hupunguza mwendo wa utumbo, chakula hukaukia ndani na njia ikaziba. Alimpitisha mpira puani, akamimina mafuta na maji. Subira alikufa alfajiri ya siku ya nne. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tano.

Miezi miwili baadaye dume wangu naye akaanza kujisugua vile vile. Safari hii nilipanga foleni. Daktari aliinua mkia, akachukua kipande cha selotepu, ile ya kufungia zawadi, akakibandika kando ya tundu la haja, akakihamishia kwenye kioo, akatazama kwa hadubini. Kisha akaniita. Niliona mayai marefu, upande mmoja bapa, ncha moja ina kizibo. Ilikuwa minyoo! Mnyoo huyu huishi utumbo mpana, na jike hutoka hadi nje kuyagandisha mayai kwenye ngozi kwa ute unaowasha. Ndiyo maana kupima kinyesi mara nyingi hakumwonyeshi. Dume alipewa dawa ya minyoo, akaoshwa chini ya mkia, nami nikasugua hori na kuta. Subira hakuwahi kupimwa, lakini walikula hori moja.

Kwa hiyo ndugu zangu, nasema na nitarudia: pimeni kwanza. Mwasho ni mmoja, wanaowasha ni wengi. Chawa utamwona kwa macho: pasua singa juani, tazama na mayai yaliyoshikamana na nywele. Utitiri wa miguuni hukaa juu juu ya ngozi, mnyama akawa anapiga kwato chini. Huyo hupatikana kwa kukwangua kidogo tu. Utitiri wa upele hujichimbia, basi daktari atakwangua kwa kijembe mpaka damu ichungulie, na akikosa mara ya kwanza usiseme hayupo. Huyo huweza kukuhamia hata wewe, kwa hiyo ukijikuna mikono mwambie daktari. Na kidonda kisichopona, chenye punje za manjano, kwenye kona ya jicho au mguuni? Huenda nzi wameacha humo viluwiluwi vya minyoo, na hapo hukatwa kipande cha ngozi kikapimwe. Usimwoshe mnyama kabla ya kupimwa, na usimpake oili chafu ya injini, hata kama babu yako alipaka. Pimeni kwanza.

Jana nimemjibu yule kijana. Nimemwambia mguu asiuoshe, brashi ya farasi huyo aitenge, atafute daktari mwenye kijembe na hadubini. Akarudi: "Sawa Mama, na jina la dawa?" Nimempa jina moja tu, amitrazi, alitafute kwenye kila chupa kabla ya kulipa, na akilikuta asiinunue. Na kama amekwisha kumwogesha, aanze kuhesabu mavi usiku huu huu. Yakikosekana hadi asubuhi amwite daktari, asingoje siku ya tatu.